Orodha za kutazama nyota zitaje kwanza tarehe ya mwezi

Mhariri,

Likizo inapokaribia, magazeti yetu huchapisha orodha za mahali pa kwenda kutazama nyota, na lako nalo halijabaki nyuma. Tunazisoma zote. Kasoro yake ni moja, ila ni kubwa: zinataja mahali, hazitaji usiku. Msomaji anakodi gari kutoka Arusha hadi Ziwa Natron, analipa ushuru njiani, analipa kambi, kisha usiku anatoka hemani na kukuta mwezi wa kumi na nne umemsimamia utosini. Nyota anazoziona ni zile zile ambazo angeziona akiwa Sinza, katikati ya taa za Dar es Salaam.

Nyota zisizojali tarehe zipo, lakini ni za Hollywood. Kule Los Angeles, kando ya Hollywood Boulevard na mtaa wa Vine, zimelazwa njiani nyota zaidi ya 2,700 za wasanii, za rangi ya waridi, kingo zake za shaba. Nenda saa sita mchana, nenda mvua inanyesha, utazikuta. Moja mbili zinastahili kutafutwa. Ya bondia Muhammad Ali imebandikwa ukutani, si chini, kwa kuwa hakutaka jina la Mtume likanyagwe. Na kwenye njia panda ya Hollywood na Vine, katika pembe zote nne, wanaanga wa Apollo 11 hawakupewa nyota bali miezi: duara nne zenye majina ya Armstrong, Aldrin na Collins. Mlimani, juu ya mitaa hiyo hiyo, kuna Griffith Observatory iliyofunguliwa mwaka 1935, ambako hadi leo mtu anaingia bure na kuchungulia kwa darubini ya Zeiss yenye lenzi ya inchi 12. Mwezi na sayari ya Zohali vinaonekana vizuri pale. Njia Nyeupe, ule ukanda wa nyota unaokata anga, haionekani, kwa kuwa mji umeifunika kwa taa. Tetemeko la Northridge lilipozima umeme kabla ya alfajiri mwezi Januari 1994, watu walipiga simu Griffith kuuliza anga ile ngeni imepatwa na nini. Ilikuwa anga ya kawaida tu, isiyo na taa chini yake.

Huku kwetu anga ya namna hiyo bado tunayo, mara nyingi ni mwendo wa saa mbili tatu kutoka mjini. Tunachokosa ni kalenda, na hiyo nayo wasomaji wengi wa Pwani wanayo tayari ukutani: ya Hijria, ambayo tarehe zake huhesabiwa tangu mwezi kuandama.

Mwezi huchelewa kuchomoza kwa takribani dakika 50 kila siku. Tarehe 15 huchomoza jua likizama, kwa hiyo usiku mzima umeshaharibika. Tarehe 18 hutoka kama saa tatu usiku. Sasa, giza kamili nalo halifiki kabla ya saa moja na nusu au saa mbili, kwa sababu hapa karibu na ikweta mwanga wa machweo huchukua kama saa nzima na robo kwisha. Umebakiwa na saa moja au zaidi kidogo, na nusu yake italiwa na macho kuzoea giza. Tarehe 20 unapata karibu saa tatu. Kuanzia tarehe 22 mwezi hauchomozi hadi usiku wa manane, na hapo ndipo nauli ina maana. Ukishaandama, siku ya kwanza na ya pili unazama mapema. Siku ya nne unazama kama saa nne usiku. Ikifika ya saba, labda uwe mtu wa kuamka saa tisa. Basi mwenye safari moja tu kwa mwaka aiweke kati ya tarehe 22 na tarehe 3 ya mwezi unaofuata. Ule ubishi wetu wa kila mwaka, mwezi umeandama au haujaandama, hapa hauna madhara: siku moja mbele au nyuma haiharibu kitu.

Kwa wanaokwenda baharini kuna jambo ambalo orodha hazigusi kabisa. Usiku wa giza kabisa, mwezi unapokaribia kuandama, ni usiku wa bamvua, yaani maji hujaa na kupwa kuliko kawaida. Katika Pwani yetu, maji ya bamvua hujaa kama saa kumi, alasiri na alfajiri, na hupwa kama saa nne, asubuhi na usiku. Mtu anatandika mkeka saa mbili usiku pale Ushongo au Jambiani, maji yanakwenda zake, ufuo unazidi kupanuka, anajiona yuko salama. Anapitiwa na usingizi akingoja nyota za alfajiri, na saa kumi bahari inamkuta pale pale, na begi la kamera pembeni. Tandika juu ya mstari wa mwani mkavu, hata kama ni mbali na maji na mchanga wake ni mbaya kulalia.

Giza hilo hilo ndilo wavuvi wa dagaa wanalolitaka, kwa kuwa dagaa hufuata taa pale mwezi unapokosekana. Aliyeko Kigoma au kandokando ya Ziwa Victoria asishangae kukuta upeo wa maji umewaka kama mji. Wale wako kazini. Kaa mahali ambapo jabali au mti unakukinga na taa hizo, kisha angalia juu zaidi. Ukivuka upana wa ngumi mbili kutoka upeoni, mkono ukiwa umenyooka, anga inakuwa safi.

Baada ya mwezi ni majira, na hapa ndipo kunakili makala za Ulaya kunapotuponza. Msalaba wa Kusini, nyota nne zilizojipanga kama msalaba, husimama wima saa tatu usiku katikati ya Mei, yaani masika yakiwa bado yanamwaga sehemu nyingi. Sehemu nene ya Njia Nyeupe, iliyo kwenye kundi la nyota la Nge, hupita juu yetu saa tatu usiku mwanzoni mwa Agosti, kiangazi kikiwa kimekolea bara. Kwa hiyo Juni hadi Agosti ndiyo miezi ya Natron, Ruaha, Dodoma na Singida. Septemba na Oktoba anga haina mawingu, lakini moshi wa mbuga zinazochomwa na vumbi huifanya iwe na rangi ya maziwa, na nyota za chini hufa kabla ya kuzama. Januari na Februari, pale mvua zinapopumzika kaskazini, mwendee Jabari, kundi la nyota lenye mkanda wa nyota tatu, nyota ya Suheli upande wa kusini, na Wingu Kubwa la Magellan: doa jeupe mithili ya kipande cha wingu kisichosogea na upepo. Hilo ni galaksi nyingine, umbali wa miaka ya nuru kama 160,000, na Mzungu aliyeko London halioni maisha yake yote.

Kilimia, lile shada la nyota, hatuhitaji kumfundisha mtu. Wakulima walikitumia kabla ya kalenda yoyote ya ukutani: kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Mei hupotea machweoni, Juni huonekana tena mashariki kabla ya alfajiri.

Turudi kwenye Msalaba, maana ndio unaotafutwa na wengi, na ndio unaokosewa na wengi. Kuna Msalaba wa Uongo. Ni mkubwa zaidi, nyota zake ni hafifu zaidi, nao hutangulia kuchomoza kwa saa kadhaa, hivyo Februari mtu anauona akadhani kazi imekwisha. Wa kweli hufuatwa na nyota mbili zinazong'aa sana zinazouelekeza, Rijili Kantori na mwenzake. Usipoziona mbili hizo, usipige kelele bado. Vitabu vya Australia vinasema urefushe mti mkubwa wa Msalaba mara nne na nusu ili upate ncha ya kusini ya anga. Hesabu ni sahihi, lakini kwa mtu wa Dar es Salaam ncha hiyo iko nyuzi 7 tu juu ya upeo, ndani ya ukungu wa chini, na kwa mtu wa Nairobi iko kama nyuzi 1. Huku kwetu ukitaka kusini, ngoja Msalaba usimame wima, kisha teremsha jicho moja kwa moja hadi ardhini. Ukigeuka nyuma saa hiyo hiyo, usiku mmoja wa Mei, utawakuta Dubu Mkubwa na nyota zake saba wamening'inia kichwa chini upande wa kaskazini. Kuwaona wote wawili kwa pamoja, bila kunyanyua mguu, ni bahati ya watu wa ikweta, na tunashangaa kwa nini waongoza watalii hawaitangazi kuliko vitanda vyao.

Msalaba huo huo ni kipimo cha mahali. Mjini utaziona nyota nne. Ya tano, ndogo, iliyo pembeni kati ya mkono mmoja na mguu, ikionekana bila kubabaisha, umetoka kwenye taa. Kando ya Msalaba kukionekana doa jeusi kama vile nyota zimefutwa kwa kitambaa, hapo pana giza la kweli na huna haja ya kuendelea na safari. Doa lile ni wingu la vumbi linalozuia nyota za nyuma yake.

Kuhusu mahali, kanuni ni kuuweka mji mgongoni. Kutoka Nairobi, Magadi ni kama kilomita 110, na kwa kuwa mwanga wa jiji unabaki kaskazini mashariki, kusini na magharibi huwa safi. Kutoka Tanga, nenda kusini ya Pangani. Mashariki ni bahari tupu hadi nyota inapotoka majini. Irente kule Lushoto kuna mwinuko mzuri, ila Juni na Julai ukungu hupanda jioni na kufunga kila kitu, na chini bondeni taa za Mombo hazikosekani. Unguja, upande wa Paje na Jambiani hutazama mashariki, lakini kwa Msalaba na mawingu ya Magellan (Kubwa na Dogo) afadhali Kizimkazi au Makunduchi, ambako kusini ni maji. Ngare Sero, pale Natron, pana giza zuri mno, ila fahamu kwamba ukuta wa Bonde la Ufa uko magharibi na unameza nyota mapema, na Oldoinyo Lengai umekaa kusini. Msalaba ukisimama unaupita mlima huo kwa mbali. Mawingu ya Magellan yakiwa chini yanaweza kukwama nyuma yake. Ukingo wa Ngorongoro, wenye zaidi ya mita 2,200, una hewa nyepesi lakini baridi na ukungu wake vimewarudisha wengi hemani saa tatu. Katika hifadhi za taifa, Kenya na Tanzania, magari hayazunguki usiku bila kibali, hivyo uliza mapema kama kambi yenyewe huzima taa za uwanjani, kwa sababu utatazama nyota ukiwa hapo hapo ulipolala.

Anayetaka nyota iliyokwisha kuanguka aende Mbozi, mkoani Songwe. Kimondo kile kinakadiriwa kuwa na tani 16, urefu wa kama mita 3, chuma kwa takribani asilimia 90 na sehemu kubwa ya kilichobaki ni nikeli. Hicho kinaonekana tarehe yoyote. Na pwani ya Ngomeni, karibu na Malindi, ndiko ilikorushwa tarehe 12 Desemba 1970 satelaiti ya kwanza kutengenezwa mahsusi kwa ajili ya kutazama anga kwa miali ya eksirei. Iliitwa Uhuru, kwa kuwa siku hiyo Kenya ilikuwa ikisherehekea uhuru wake, na ndiyo iliyowasaidia wataalamu kushuku kwamba Cygnus X-1, chanzo kimoja cha eksirei angani, ni shimo jeusi, yaani kitu chenye mvutano mkubwa kiasi kwamba hata mwanga hautoki. Watoto wangapi wa Malindi wameambiwa hilo darasani?

Ukishafika, macho yanataka dakika 20 hadi 30 za giza mfululizo. Simu ikiwashwa mara moja, unaanza upya. Tochi ipake kioo chake rangi ya kucha nyekundu, tabaka mbili, au uifunge kitambaa chekundu kilichokunjwa. Mwanga mwekundu hafifu hauharibu macho yaliyokwisha zoea. Kitu hafifu usikikazie macho, kiangalie pembeni kidogo, kwa kuwa sehemu ya jicho inayoona gizani haiko katikati. Lala chali. Anayetazama akiwa amesimama huchoka shingo ndani ya dakika kumi, kisha hulaumu anga.

Darubini ya kwanza iwe ya macho mawili, yenye maandishi 7x50 au 10x50: namba ya kwanza ni ukuzaji, ya pili ni upana wa lenzi kwa milimita. Hiyo inakupa miezi minne ya sayari ya Mshtarii, Kilimia chenye nyota makumi, na Omega Centauri, shada la nyota lililo juu ya Msalaba kidogo kuelekea mashariki. Mikono ikitetemeka, egemeza viwiko ukutani au juu ya boneti la gari lililozimwa. Zile darubini za dukani zenye boksi lililoandikwa kwamba zinakuza mara 525, achana nazo. Lenzi ya milimita 60 haivuki ukuzaji wa mara 120 ikabaki na picha safi, na miguu yake mitatu ni myembamba kiasi kwamba ukigusa tu, Zohali inaruka nje. Pwani kuna tatizo jingine: darubini ikitolewa kwenye chumba cha kiyoyozi hushika unyevu papo hapo. Itoe nje nusu saa kabla, ikiwa ndani ya begi lake, na usifute lenzi kwa kanga. Chumvi na mchanga huikwaruza.

Mambo mawili huwapoteza hata waliozoea. La kwanza ni mwanga hafifu wa pembetatu unaosimama wima mashariki kabla ya adhana ya alfajiri, au magharibi baada ya giza kuingia. Watu hudhani ni mji wa mbali. Ni jua linaloangaza vumbi lililo kwenye njia ya sayari, nasi tulio karibu na ikweta huuona umesimama wima kuliko wengine wote. Masheikh wetu wameufundisha karne nyingi: ni alfajiri ya uongo, inayosimama kama mkia wa mbwamwitu kisha hupotea, tofauti na alfajiri ya kweli inayotanda upeoni kutoka kushoto hadi kulia. La pili ni vimondo vya Agosti, ambavyo magazeti huvinakili kutoka Ulaya. Chimbuko lake, yaani pale angani vinapoonekana kutokea, liko kaskazini sana. Kwa mtu wa Dar es Salaam halipandi zaidi ya nyuzi 25, na vimondo vingi hubaki chini ya upeo. Vyetu sisi ni vya usiku wa kuamkia tarehe 14 Desemba, kuanzia saa sita hadi saa tisa, kama vuli limeruhusu.

Kuna wanaouza majina ya nyota mtandaoni, na cheti kinatumwa. Cheti hicho hakitambuliwi na chama cha kimataifa cha wataalamu wa elimu ya anga, ambacho ndicho chenye mamlaka ya majina. Mwaka 2019 chama hicho kiliipa kila nchi nafasi ya kupendekeza jina la nyota na sayari yake, bila kulipa senti. Nyota ya Tanzania ikaitwa Mpingo na sayari yake Tanzanite. Ya Kenya ikaitwa Kalausi na sayari yake Buru. Kalausi huonekana kwa darubini ya macho mawili jioni za Aprili, mahali penye giza. Mpingo ni hafifu zaidi, unahitaji darubini kubwa. Zawadi ya kumwonyesha mtu Kalausi ni bora kuliko cheti cha dola hamsini.

Kwa wenye hoteli tuna neno moja. Taa ya ufukweni inayomwaga mwanga juu na pembeni haiongezi ulinzi. Humpofusha mlinzi mwenyewe asione kilicho nyuma yake. Ivisheni kofia, ielekezeni chini, tumieni balbu ya rangi ya manjano ya joto isiyozidi kelvini 2,700 (kipimo cha rangi ya mwanga kinachoandikwa kwenye boksi la balbu), maana mwanga mweupe wenye buluu ndio unaotawanyika zaidi angani. Wekeni swichi ya kuwaka mtu anapopita. Makinda ya kasa wanaoanguliwa nao hufuata mwanga, na taa nyeupe huwapeleka mgahawani badala ya baharini.

Kwako Mhariri, ombi letu ni kisanduku kidogo mara moja kwa mwezi, karibu na utabiri wa hali ya hewa: usiku upi hauna mwezi, saa ya mwezi kuchomoza na kuzama kwa Dar es Salaam, Mwanza, Mombasa na Nairobi, saa za maji kujaa kwa watu wa Pwani, na sayari zipi zinaonekana jioni. Hesabu hizo tunaweza kukuletea wiki moja kabla ya mwezi kuanza, bila malipo. Na makala ya likizo ijayo ikitaja Natron, itaje pia tarehe.

Wapenzi wa elimu ya anga,
Tanga.
(Majina kamili tumempa Mhariri.)